Mgeni aliyehamia Mazatlán ana haki ya kulalamikia tambora za ufukweni?

MpigaMbizi
Wakuu, salaam. Hoja hii haiishi miongoni mwa wenzetu waliohamia pwani ya Sinaloa, kule Mexico, naileta jamvini. Kwa wasiofuatilia: Machi 2024, kuelekea Pasaka, wenye mahoteli wa Mazatlán walitaka bendi za tambora, yaani za matarumbeta na ngoma kubwa, zinazopiga ufukweni zidhibitiwe, wakidai wateja hawalali. Wapigaji wakaandamana barabara ya pwani na ala zao, wakakwaruzana na polisi. Tangu hapo ni vuta nikuvute ya vibali na saa za kufunga. Swali: raia wa nje mwenye kadi ya ukaazi, analipa kodi ya nyumba kila mwezi, ana haki ya kupeleka malalamiko ya kelele, au anyamaze kwa kuwa amekuja? Mimi nasema ana haki. Sauti ikizidi kiwango imezidi, awe amelalamika mwenyeji au mgeni. Nawasilisha.

KasriLaMtoni
Kiwango gani, mkuu? Bendi ya Sinaloa ni watu kumi na tano hivi: klarineti, tarumbeta, tromboni, tuba, na ile ngoma kubwa yenye tasa juu yake. Ni mali ya mji ule kama beni ilivyo mali ya Lamu na Mombasa, na sijasikia aliyehamia Lamu akaomba beni lisipite harusini. Wanaowalipa, kwa wimbo au kwa saa, ni familia zilizokuja kustarehe mchangani, siyo hoteli. Anayekereka afunge madirisha, awashe AC, alale. Kesi imekwisha.

BintiPangani
"Awashe AC." Kaka Kasri, bili ya umeme ya Mexico unaijua au umeisikia? Shirika la umeme, CFE, linaweka nyumba kwenye madaraja kulingana na joto la mahali: 1, 1A, hadi 1F. Kila daraja lina kikomo cha wastani kwa mwezi: la 1 ni yuniti 250, 1C ni 850, 1F ni 2,500. Wastani wa miezi 12 ukivuka hapo unahamishiwa DAC, daraja la watumiaji wakubwa, na ruzuku ya serikali inakatika yote. Na siyo LUKU kwamba utanunua kidogo kidogo ukijibana. Bili inakuja kila baada ya miezi miwili, ukija kushtuka umeshachoma. Kutoka huko ni mpaka wastani wa miezi 12 ushuke tena. Yote hayo kwa sababu ya tuba ya mtu mwingine?

FundiBaridi
Dada unatisha watu. Tupige hesabu. AC ya BTU 12,000 ya inveta, chumba kikishapoa, inakula kama nusu yuniti kwa saa. Saa 8 za usiku kwa siku 30 ni yuniti 120. Isiyo ya inveta, weka 180. Ongeza friji na pangaboi: mwenye inveta bado yuko chini ya 250, mwenye ya zamani anaanza kugusa. Wanaoangukia DAC ni wenye AC tatu zinazonguruma mchana kutwa usiku kucha. Hao wanapita yuniti elfu moja kwa mwezi, hata 1C haiwabebi.

Kinachomaliza hela pwani ni chumvi. Sehemu ya nje ikitazama bahari, vile vibati vyembamba vya alumini vinalika, joto halitoki, kompresa haipumziki, yuniti zinapanda bila wewe kubadilisha chochote. Ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila mwezi, bila mpira wa presha kali maana vibati vinalala. Na ifungwe upande usiopigwa na upepo wa bahari, hata kama bomba litakuwa refu zaidi.

KasriLaMtoni
Ahsante fundi. Yuniti 120. Bibie anasemaje?

BintiPangani
Anasema fundi kaiacha mita. Historia ni ya mita, siyo ya mpangaji. Ukiingia kwenye nyumba ambayo aliyetoka alikuwa na AC tatu, unarithi DAC yake hata ukiwasha taa moja. Kabla hujasaini mkataba omba recibo, yaani bili ya mwisho, tafuta palipoandikwa Tarifa, yaani daraja, kisha soma jedwali la matumizi ya vipindi vilivyopita. Mwenye nyumba akianza kuzunguka, umeshapata jibu.

NyangumiWaKusini
Mnapoteza wino. Mgeni Mexico hana sauti, basi. Katiba yao, kifungu cha 33, inamkataza mgeni kujiingiza kwenye siasa za nchi kwa namna yoyote. Na ardhi hana: kifungu cha 27, kilomita 50 kutoka baharini na 100 kutoka mpakani hamiliki moja kwa moja. Anapewa karatasi ya benki ya miaka 30 ajidanganye nayo. Mtu wa namna hiyo amfukuze mpiga tuba aliyezaliwa pale?

BintiPangani
Miaka 30 ni ya zamani, mzee. Sheria ya uwekezaji ya 1993 iliweka 50, na inaongezwa. Benki inashika hati kwa jina tu. Mgeni anakaa, anapangisha, anauza, anarithisha, analipa ada ya benki kila mwaka. Huko ndiko kujidanganya? Kenya, tangu katiba ya 2010, mgeni anakodishiwa ardhi isiyozidi miaka 99. Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya 1999, hapewi ila kwa uwekezaji. Weka hizo mezani kwanza ndipo ucheke ya Mexico.

NyangumiWaKusini
Sikucheka. Nimesema 33, umenijibu 27.

MpigaMbizi
Nitaijibu mimi. 33 ni siasa. Kubeba bango kumpinga meya, hapo Nyangumi uko sahihi, usithubutu. Kupiga simu manispaa saa nane usiku kwamba kuna kelele siyo siasa. Na kiwango kipo, nilichoulizwa mwanzoni: kanuni ya taifa NOM-081. Maeneo ya makazi desibeli 55 kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 4 usiku, baada ya hapo 50. Tambora ya watu kumi na tano inapita hapo ikiwa bado inapasha midomo.

KasriLaMtoni
Umesoma namba, hukusoma kichwa cha kanuni. NOM-081 ni ya vyanzo vya kelele visivyohama: kiwanda, karakana, baa. Bendi inayotembea mchangani inahama, tena kwa miguu. Ufukwe nao ni mali ya taifa, pamoja na mita 20 za nchi kavu zinazoufuata. Hoteli ina kibali cha kuutumia, haina hati. Ndiyo maana ugomvi wote ulirudi kwenye vibali vya manispaa. Na tukitaka kuhesabu ugeni, kiwanda cha bia ya Pacífico kilianzishwa pale 1900 na Wajerumani, na wapo wanaosema ala za shaba za bendi hizo nazo zilikuja na watu wao. Wageni wa kwanza wanasifiwa kwa kuleta tuba, wa leo wanataka inyamaze!

FundiBaridi
Hiyo kali, nimeipenda. Ila dawa yako ya kufunga madirisha haitibu. Nyumba nyingi za pale zina dirisha la alumini la kuteleza, kioo kimoja, na ukingoni brashi ya manyoya badala ya mpira. Tarumbeta kioo kinaipunguza, tuba hakiigusi. Sauti nzito inatikisa kioo chenyewe na kuingia pale kwenye brashi. Kinachosaidia ni kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja na fremu ya kufunguka kwa bawaba yenye mpira pande zote nne. Za luva zile sahau kabisa.

KasriLaMtoni
Fundi nawe umehamia kwa Bibie?

FundiBaridi
Nimehamia kwa kioo.

MgeniNjiani
Samahani wakuu, natoka nje ya mada. Mtu aliyepata visa ya ukaazi wa muda ubalozi wa Mexico Nairobi aanzie wapi akifika? Na vyombo vya umeme vya Dar vinafaa kule?

BintiPangani
Karibu. Visa hiyo si kadi. Ni ya kuingia mara moja, ndani ya siku 180 tangu itolewe. Uwanja wa ndege mwoneshe afisa ukurasa wa visa KABLA hajagonga muhuri, na hakikisha ameandika canje, yaani kubadilishiwa kadi, na siku 30. Wamezoea watalii, akikuandikia mtalii wa siku 180, mchakato wote umeharibika na kurekebisha ni mlolongo. Ndani ya siku hizo 30 nenda ofisi ya uhamiaji, INM, ubadilishiwe kadi. Ya kwanza ni ya mwaka mmoja, ukihuisha unaweza kupata mitatu. Na usimsikilize anayekwambia uingie kitalii kwa visa ya Marekani utabadilisha ndani. Bila mwenzi au ndugu wa karibu wa kule, wengi wanarudishwa ubalozini.

FundiBaridi
Vyombo acha. Kule ni volti 127, hezi 60, soketi ya pini bapa. Birika la wati 2,000 la volti 240 litatoa kama wati 560, chai ya asubuhi utainywa mchana. Pasi hivyo hivyo. Chaja ya simu na kompyuta iliyoandikwa 100–240V beba, nunua tu kibadilisha pini. Transfoma ya kuendesha birika ni nzito na bei yake inanunua mabirika kadhaa ya kule.

KasriLaMtoni
Volti 127? Na AC zenu za 220 zinawaka kwa maombi?

FundiBaridi
Kwa laini mbili za moto, kila moja 127. Kati ya moja na nyingine ndiyo unapata 220. Nyumba za zamani za katikati ya mji nyingi zina laini moja. Ukifunga AC ya 220 pale haiwaki. Angalia nyaya zinazoingia kwenye mita: moto mmoja au miwili.

BintiPangani
Na laini ya pili inaombwa CFE na mwenye mkataba wa umeme, siyo na mpangaji. Nimesema mita tangu mchana.

NyangumiWaKusini
Mkataba wenyewe uko kwa jina la nani?

BintiPangani
Mara nyingi la mwenye nyumba aliyeuza zamani. Wakati mwingine la marehemu. Kwa kulipa haina shida, wanaangalia namba ya huduma, tarakimu 12, na ulipe kabla ya tarehe ya kukata iliyochapwa kwenye bili. Duka lolote la Oxxo wanapokea, wanaongeza ada yao ndogo. Kwa laini ya pili, marehemu hasaini.