Kupiga filamu ya wakulima wa mwani: shata, filta ya ND na mazungumzo kwa kamera moja

Mjambiani

Asalaam alaykum wanajukwaa. Tunajitayarisha kupiga filamu fupi ya dakika kumi kuhusu akinamama wa mwani hapa Jambiani. Kazi ina sehemu mbili: shambani maji yakikupwa, na ndani ya chumba cha kutengenezea sabuni ya mwani, chenye taa za tyubu na dirisha moja kubwa. Kamera ni moja, lenzi ni ya milimita 24-70, f/2.8, tripodi ipo.

Tunaomba kufafanuliwa: kwenye jua lile shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu) iwekwe ngapi, na kwa nini isipandishwe tu mpaka picha ikae sawa? Mtu akisimama mbele ya bahari, vipi tumwone uso bila ya mbingu kuungua? Na mazungumzo ya watu wawili hupigwaje kwa kamera moja bila ya kumchanganya mtazamaji? Tafadhalini mtupe na namba zenyewe.

Shata_Hamsini

Wa alaykum salaam. Anza na fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, maana ndizo zinazoamua shata. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo piga fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Shata hiyo huacha kila fremu ipokee mwanga kwa nusu ya muda wake. Mkono unaokwenda unaacha ukungu kidogo, na ukungu huo ndio unaolifanya jicho liunganishe fremu moja na inayofuata. Ukipandisha shata mpaka 1/2000, kila fremu inakuwa kali peke yake: matone ya maji yanaonekana chembe chembe na vidole vinavyofunga taitai (vikamba vya kufungia mwani) vinarukaruka. Kwenye filamu ya vita hilo hutafutwa makusudi. Kwa mama anayefunga mwani halifai.

Kwa hiyo mwanga unaozidi unauzuia kwa filta ya ND, kioo cheusi kinachovaliwa mbele ya lenzi, shata unaiacha palepale. Hesabu yake: jua likiwa wazi, aisio (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 100 na f/16 (tundu la lenzi likiwa dogo), shata sahihi ni 1/100. Ukishuka 1/50 mwanga umeongezeka mara mbili, hiyo ni stopu moja. Ukifungua lenzi kutoka f/16 mpaka f/4 ni stopu nne nyengine (11, 8, 5.6, 4). Jumla tano. Mchanga wetu mweupe na maji yanayong'aa ongezea moja, zinakuwa sita, na stopu sita ni ND64, inayopitisha sehemu moja tu ya mwanga katika 64. Kama kamera yako inarekodi kwa logi (picha iliyofifia inayorekebishwa rangi baadaye) na aisio yake ya chini ni 800, hapo zimezidi stopu tatu tena. ND64 haitoshi, tafuta ND500 au ND1000.

Filta ya kuzungusha inayobadilika nguvu inavutia kwa sababu ni moja tu. Lakini ukiizungusha karibu na mwisho wake kwenye milimita 24, msalaba mweusi unajitokeza katikati ya mbingu na hauondoki kwenye kuhariri. Mimi napendelea ya nguvu moja.

Chumbani sasa. Taa ya hezi 50 inawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata 1/50 inakusanya miwako miwili kamili na 1/100 mmoja kamili, hivyo kila fremu inapata mwanga sawa. Ukiweka 1/60 hesabu haikamiliki, utaona mistari ya kiza ikipanda au kushuka ukutani. Na angalia menyu mapema: kamera iliyotoka Marekani au Japani huwa imewekwa NTSC, mfumo wa video wa fremu 30, na fremu 25 hutaziona mpaka uibadilishe kuwa PAL.

Mvuli_wa_Mkoko

Nikamate hapo kwenye uso. Wakulima hufuata bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukupwa zaidi, na bamvua kwetu maji hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Maana yake huchagui mwanga, unapangiwa na bahari. Tena mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita juu ya kichwa hasa: macho yanaingia kwenye kivuli na pua inaacha doa juu ya mdomo. Ingieni shambani saa mbili au saa tatu, pamoja na akinamama wanaoyafuata maji yakitoka. Picha za mazungumzo zimalizeni wakati huo, mikono na kamba mziachie saa tano.

Mweke mtu jua likiwa nyuma ya bega lake, si usoni. Atakunja macho akilitazama, na mchanga mweupe ulio mbele yake wenyewe unarudisha mwanga chini ya kidevu na ndani ya ushungi. Akiwa amesimama majini, ambako chini ni majani ya bahari, mwanga huo haurudi. Mtu mmoja ashike shuka nyeupe kiasi cha mita moja na nusu kutoka usoni, nje ya fremu.

Kupima: washa ile mistari ya pundamilia kwenye skrini (huonyesha sehemu zilizofikia mwangaza uliouchagua, kwa asilimia) na uzime oto, yaani kamera kujipimia yenyewe. Kamera ikiachiwa oto itaona weupe wote ule, itapunguza mwanga, na uso utakuwa kiza. Kwa picha ya kawaida isiyo ya logi, ngozi zetu nyeusi hukaa vizuri kati ya 45 na 55. Ile 70 inayotajwa kwenye mafunzo mengi ilipimwa kwa ngozi nyeupe. Ukiifuata, mama wa Jambiani atatoka kijivu. Kipande cha mbingu kikiungua kwenye pembe, kiache. Uso ndio filamu.

Chumbani weka rangi ya mwanga kwa mkono pia. Ya oto inabadilika mtu akipita mbele ya dirisha, na ukuta unageuka kutoka buluu kuwa manjano katikati ya shoti. Bora uzime tyubu, umkalishe ubavu kwa dirisha, uweke kelvini 5600, rangi ya mwanga wa mchana.

Fremu_Chake

Kuhusu mazungumzo. Wanawake wawili wamekaa wakitazamana, kamba ya mwani katikati yao. Vuta mstari kutoka pua ya mmoja hadi pua ya mwengine, kisha chagua upande mmoja wa mstari huo na usiuvuke. Ukiwa upande huo, Bi wa kushoto siku zote anatazama kulia na wa kulia anatazama kushoto. Ukivuka, wote wawili watatazama upande mmoja, na mtazamaji ataona wanazungumza na mtu wa tatu asiyekuwepo.

Kwa kamera moja: kwanza picha pana ya wote wawili, wafanye kazi yote mwanzo hadi mwisho. Halafu nenda nyuma ya bega la mmoja, umpige mwenziwe kifuani kwenda juu. Kisha geuza, lenzi milimita zile zile na umbali ule ule, la sivyo mmoja ataonekana mkubwa kuliko mwengine. Acha nafasi upande anaoutazama. Usikate fremu kwenye goti wala kifundo cha mguu, kata pajani au kiunoni. Na kila shoti ikae sekunde kumi kabla hujaizima, hata kama utatumia tatu.

Vidole na fundo piga karibu sana, nyingi. Picha ya mikono ndiyo inayokuruhusu kukata maneno, na hata kuhamia upande wa pili wa mstari.

Shata_Hamsini

La tripodi: baharini vuta kwanza kipande cha chini kabisa cha kila mguu, ili kufuli zibaki juu ya maji na mchanga. Jioni zioshe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Na usitoe kamera kwenye chumba chenye eyakondishina ukaanza kupiga. Lenzi itafanya ukungu. Iache ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa.

Mjambiani

Ahsanteni sana. Filta ya ND64 tunayoinunua iwe ya ukubwa gani?

Mvuli_wa_Mkoko

Soma ukingo wa mbele wa lenzi, kuna namba mbele ya alama ya duara lililokatwa kwa mstari. Nyingi za 24-70 f/2.8 ni 82 au 77. Mkiwa na lenzi nyengine ndogo, nunueni filta ya ile kubwa na pete ya kuiunganisha na ile ndogo.