Naomba ushauri: kiwanja chetu cha petanke kinajaa tope

Jambo ba papa na ba mama. Sisi wastaafu wa hapa Lubumbashi tunacheza petanke (mchezo wa kurusha matufe ya chuma yakaribie katufe kadogo ka mbao) kila Jumanne na Ijumaa asubuhi, kwenye kiwanja cha mita 15 kwa 4. Udongo ni huu mwekundu wetu: kiangazi mgumu kama saruji, lakini mvua za Novemba zikianza unashika maji siku mbili, na tufe la chuma la gramu 700 linazama palepale linapoanguka. Tulimwaga mchanga wa mto, unene wa sentimita 5. Matufe hayabingiriki tena. (Hatukuushindilia, kosa letu.)

Sasa tunafikiria kokoto chini, changarawe laini juu. Kila tabaka liwe la sentimita ngapi? Na mteremko wa kutoa maji upande wa mita 4 uwe kiasi gani bila kupotosha tufe?