Wauza magari wa "siti saba", siku moja kaeni nyie kule nyuma mpaka Kyela

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, povu likizidi mtanisamehe. Mods (wasimamizi wa jukwaa) naomba msiuhamishie uzi huu kule kwenye matangazo ya magari, kule wamejaa madalali watupu, watanizodoa bure.

Nyumbani tuko saba. Mimi, mke wangu, mama yangu mzazi ambaye tulimleta mjini baada ya magoti kuanza kumsumbua, shemeji yangu (mdogo wa mke wangu, anasoma chuo hapahapa Mbeya) na watoto watatu: wa miaka 7, wa miaka 4, na wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu. Watu saba, nikatafuta gari la siti saba. Hesabu ya darasa la kwanza, au siyo?

Modeli ya gari sitaitaja. Nikiitaja tu, mashabiki wake watauteka uzi mpaka ukurasa wa kumi. Jueni ni yale magari ya chini, marefu kidogo, milango minne ya kufungua kwa nje kama gari dogo la kawaida, injini 1.8, na nyuma kuna siti mbili za kukunja zinazozama kwenye sakafu ya buti. Yapo mengi, mnayaona. Na yadi sitaitaja, ingawa natamani.

Kwanza picha. Dalali alinitumia picha kumi na mbili kwenye simu. Kuna picha ya siti ya kati, nafasi ya miguu unaweza ukatandika bao mkacheza. Kuna picha ya siti ya nyuma kabisa, nayo nafasi tele. Nikamwonyesha mke wangu, akasema "Baba Neema, hapa hata mama atanyoosha miguu." Tukaingia kwenye hela ya kikoba, tukauza na pikipiki.

Jana usiku nimezirudia picha zile nikiwa nimetulia. Siti ya kati ina reli, inasogea mbele na nyuma. Alipopiga picha ya siti ya kati, aliisukuma nyuma mpaka mwisho. Alipopiga picha ya siti ya nyuma, aliivuta ile ya kati mbele mpaka ikabusu siti ya dereva. Nafasi ni ileile moja wakuu! Kaiuza mara mbili! Nilicheka peke yangu gizani kama chizi, mke wangu akaamka kuuliza kuna nini.

Mtasema kwa nini sikujaribu gari. Nilijaribu. Mimi na dalali, watu wawili, kutoka Kabwe mpaka Mafiati, hapahapa mjini Mbeya, na kurudi. Lilikuwa linateleza kama siagi. "Bosi, hii familia yote inaingia na mbuzi juu." Nami nikatikisa kichwa kama mtu mwenye akili.

Sasa twende kwenye safari. Tulikuwa na shughuli ya kifamilia Kyela, tukasema ndiyo siku ya kulizindua gari. Asubuhi baridi ya Julai mnaijua, watoto wamefungwa makoti. Siti ya kati nikafunga kiti cha mtoto upande wa kushoto, yule mdogo akakaa. Upande wa kulia mke wangu, maana mtoto bila mama yake pembeni anapiga kelele mpaka Kiwira. Katikati yao mkubwa wa miaka 7, na pale kwenye siti ya katikati mkanda ni ule wa kiunoni tu, haupiti begani. Mbele mimi na shemeji. Waliobaki ni mama na mjukuu wake wa miaka 4, wakae nyuma.

Ili mtu aingie nyuma kwenye gari la aina hii, unakunja siti ya kati na kuisogeza mbele, mtu anapenya. Kiti cha mtoto kikishafungwa, upande ule haukunjwi tena. Nikasema tuingilie upande wa kulia kwa mke wangu. Ule upande unakunjika, ila uwazi unaobaki ni wa kupita mtoto wa shule, tena kwa kujikunja. Mama ana miaka 67 na magoti niliyowaambia. Akaingiza mguu mmoja, akakwama. Akarudi. Akajaribu kinyumenyume. Akakwama tena, kitenge kikanasa kwenye reli.

Wakuu, mama yangu mzazi aliingia kwenye gari langu kupitia buti.

Nilifungua mlango wa nyuma, nikaweka stuli ya jikoni, shemeji akamshika mkono, nikailaza migongo ya siti na mama akatambaa. Jirani alikuwa anafagia uwanja wake, akasimama na ufagio mkononi kuangalia. Mama alipofika kwenye siti magoti yakawa karibu na kidevu, maana sakafu ya kule nyuma iko juu na siti iko chini. Akasema taratibu kabisa, "Mwanangu, mmenipakia kama gunia la viazi." Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo paliponiuma.

Mikanda ya kule nyuma ipo, ila kifungio kimoja kimezama chini ya siti, nilikitafuta kwa vidole nikatoa maganda ya karanga na sarafu ya yeni. Tundu la AC kule hakuna. Dirisha halifunguki, ni kioo tu. Na siti zote zikisimama, buti inabaki shubiri moja na nusu, nimepima kwa mkono wangu. Mabegi yakaenda miguuni kwa watu.

Uyole tukakata kulia, tukaanza kupanda. Anayejua barabara hii anaelewa: unapanda mpaka Isongole kwenye viazi na ukungu, halafu unashuka kona kwa kona kwenda Kiwira, Tukuyu, mpaka chini kwenye joto la Kyela. Mtoto wa nyuma alianza kutapika kabla ya Tukuyu. Kule nyuma umekaa juu ya ekseli kabisa, kila tuta linakurusha, hewa hakuna, nje huoni vizuri. Hata mimi ningetapika. Mama alikuwa anamnusisha ganda la chungwa na kumpepea kwa kitambaa, na kumsogeza hawezi maana hana pa kusogea.

Kurudi ndiko kulikovunja mambo. Huwezi kutoka Kyela mikono mitupu, ndugu hawakubali. Tulipewa gunia la mchele kilo 50, mikungu miwili ya ndizi na dumu la mawese la lita 20. Gunia likalala chini ya miguu ya shemeji na mke wangu kwa zamu, ndizi nyuma na mama. Gari likakaa chini nyuma kama mbwa anayesubiri chakula. Kila tuta la kijijini tumbo linakwangua. Kupanda kuelekea Tukuyu nilizima overdraivu (ile gia ya juu ya mwendo mwepesi), mguu umezama wote kwenye mafuta, na malori yanayotoka mpakani Kasumulu yananipigia honi niwapishe. MALORI, wakuu.

Tulipofika Tukuyu tukasimama kumwosha mtoto. Mama akashuka kwa njia ileile ya buti, watu wa stendi wanaangalia. Akajifunga kitenge vizuri, akasema, "Mimi napanda basi la Kosta. Kule kuna dirisha." Nikambembeleza. Akanijibu, "Baba, wewe endesha tu gari lako." Shemeji akashuka kumsindikiza. Nimenunua gari la watu saba, wawili nimewalipia nauli. Na walifika Uyole kabla yetu, tukawakuta wameshakula mahindi ya kuchoma.

Niliporudi ndipo nikachukua ile karatasi iliyokuja na gari kutoka Japani, ambayo tukishapata kadi ya hapa huwa tunaitupa kabatini. Kuna sehemu ya uzito wa gari tupu na sehemu ya uzito wa gari likiwa na abiria. Langu ni kilo 1,320 na kilo 1,705. Toa. Inabaki 385. Gawa kwa saba. Ni 55.

Yaani Wajapani katika hesabu yao kila abiria ni kilo 55, na mzigo ni sifuri. Ndivyo wanavyohesabu magari yao madogo ya abiria, kachukueni karatasi zenu mgawe mtaona. Nikatoa mizani ya bafuni, nikapima familia nzima kwenye korido. Mimi 82, mke wangu 74 (ataniua akisoma hapa), mama 79, shemeji 60, watoto 22, 16 na 11. Jumla 344. Kiti cha mtoto kilo 8, mabegi 30. Imefika 382. Wakati tunatoka Mbeya asubuhi, kabla ya punje moja ya mchele, tulikuwa tumebakiza kilo tatu! Tuliporudi na mchele, ndizi na mawese tumezidi kilo mia na ushee, tunapandisha mlima ule.

Na mlima wetu si wa kuchezea. Ziwa Nyasa, kule chini Kyela, liko mita 470 na kitu kutoka usawa wa bahari, Mbeya mjini tuko kama 1,700, na Isongole iko juu zaidi yetu. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Gari alilolijaribu mtu Dar akalisifia, akilileta huku Mbeya nguvu zake zinapungua kwa asilimia 15 au zaidi, halafu anajaza watu. Hakuna dalali atakayekwambia hili. Watakwambia "inabana mafuta."

Fundi wangu kasema tuweke spesa gari linyanyuke. Nikamuuliza, zinaongeza uwezo wa kubeba? Akacheka. Zinainua tu, springi ni zilezile.

Sasa nijikosoe mwenyewe kabla hamjanikosoa. Noah ilikuwepo, ile ya Toyota iliyo kama kibasi. Mtu wa Iyunga, hapahapa Mbeya, alikuwa anauza Noah, bei inakaribiana na ya hili langu. Milango ya kuteleza, sakafu iko sawa, mama angepanda kama anaingia sebuleni, na kiti cha mtoto hakizuii mtu kupita. Tuliikataa kwa sababu mke wangu alisema tutaonekana tunabeba abiria, watu watatupungia mkono njiani. Mimi nami kimoyomoyo nikakubali, nikataka gari la kupaki kanisani likaonekana. Haya, limeonekana. Limeonekana na mama akitokea kwenye buti.

NYONGEZA, saa 3 usiku, nawajibu mliochangia:

Anayesema "punguza familia", asante, nimwache nani, mama?

Anayesema nichukue Alphard: mkuu, injini 2.4 na tumbo lile la chini kwa njia zetu za kuingia mitaani? Nafasi inayo, sikatai. Mafuta utaninunulia wewe, tena huku bei kikomo ya EWURA (wadhibiti wa bei za mafuta) iko juu ya ile ya Dar.

Anayesema niagize mwenyewe Japani: nimepita kwenye kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato). Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, bado ushuru wa bidhaa, bado ushuru wa uchakavu kwa gari la zamani. Nikafunga simu nikaenda kulala.

Anayesema Prado ina siti saba: mkuu umewahi kukaa zile mbili za nyuma, au unaliona tu linapita?

Aliyeuliza kuhusu Noah za zamani zenye injini ya D-4 (inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda), hilo swali zuri. Mafundi wawili wamenionya kwamba D-4 inataka mafuta safi na fundi anayeijua, kwa hiyo natafuta ile ya toleo la 2007 kuendelea. Na Serena ya Nissan siikatai, nishawishini tu kwa hoja.

NYONGEZA YA PILI:

Dalali kauona uzi. Kanipigia, eti "bosi umenichafua", eti anayo nyingine, "hii sasa ni siti nane". Nimemwambia Jumamosi saa nne nakuja yadi. Nakuja na mke, shemeji, watoto watatu, kiti cha mtoto na gunia la mchele lilelile. Mama naye kakubali kuja, kwa sharti kwamba yeye ndiye wa kwanza kuingia, na anaingilia mlangoni.

Na mwenye Noah anayeuza hapa Mbeya, Tunduma hata Makambako, aje inboksi. Ajue tu kwamba kwenye kujaribu gari tutakuja wote saba, na hatutaishia Mafiati.