Tupeane uzoefu: Ulifanya nini mwanao alipokuomba usionekane tena shuleni?

Mwanzisha mada, mama wa mvulana wa miaka 12

Ndugu wazazi na walezi wenzangu, naomba tuzungumzie jambo moja tu, nalo ni la mtoto ambaye jana alikushika mkono hadi mlangoni mwa darasa na leo anakuomba usionekane.

Kwa miaka sita nilikuwa mzazi ambaye walimu wote walimjua kwa sura na kwa jina. Nilipanga vitabu maktaba, nilisimamia watoto kwenye ziara za masomo, nilishona mavazi ya igizo la mwisho wa mwaka, na mwanangu akiniona ng'ambo ya uwanja alinipungia mikono yote miwili mpaka wenzake wakageuka kutazama anampungia nani. Kisha akaingia madarasa ya kati. Katika wiki ya tatu, siku ya kikao cha wazazi, aliinama mlangoni akifunga kamba za viatu, na bila kuinua uso akasema, “Mama, kikaoni njoo, lakini tukikutana kwenye korido usiniite.” Kamba ya kiatu kimoja aliifunga na kuifungua mara tatu akingoja jibu langu. Nilimwambia sawa, nikaenda, nikaipita ile korido nikitazama sakafu kama mwizi.

Maelezo ya kitaalamu ninayajua. Najua kwamba Shirika la Afya Duniani linahesabu rika balehe kuanzia miaka 10 hadi 19, kwamba mwanzoni mwa kipindi hicho mwili hubadilika kwa kasi ambayo haijaonekana tangu uchanga, na kwamba macho ya wenzake huanza kumwelemea mtoto kuliko macho ya mzazi. Ninachokosa ni habari za waliopita njia hii. Mliondoka? Mlisogea pembeni? Naomba kila mmoja asimulie lililomtokea yeye, hata kama liliharibika. Ushauri wa jumla tuuache, kwa kuwa tumeshausikia sana.

Baba wa mabinti wawili

Mimi niliondoka, na ninajuta. Binti yangu mkubwa alipoanza kuona haya kutembea nami nilijiambia kwamba namheshimu, ingawa nikisema kweli, sehemu ya moyo wangu ilifurahi kupumzika na vikao. Mwaka mzima sikukanyaga shuleni. Ripoti zilikuja na alama nzuri, nikaamini kwamba mambo yanakwenda.

Kumbe alikuwa akila peke yake. Kundi la marafiki aliotoka nao madarasa ya chini lilikuwa limesambaratika, na kila mapumziko alikwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma ya maabara na kitabu alichokuwa amekwisha kukisoma, ili mtu akipita aonekane ana shughuli. Habari hizi nilizipata kwa mzazi mwingine, tena kwa bahati tu, kwa sababu mwanawe alizitaja mezani kama jambo ambalo kila mtu analijua. Nilipomuuliza binti yangu kwa nini hakuniambia, hakulia wala hakukasirika. Alinijibu kama mtu anayeeleza ratiba: “Uliacha kuja, nikadhani mambo ya shule sasa ni yangu mwenyewe.”

Mdogo wake alipofikia umri huo na kuleta ombi lile lile, nilimuuliza swali ambalo dada yake sikumuuliza: ni nini hasa hutaki? Baada ya kuzungukazunguka ikabainika kwamba vikao havimsumbui hata kidogo. Kilichomsumbua ni mimi kumbusu kichwani mbele ya lango na kusalimiana na marafiki zake mmoja mmoja kwa majina. Mambo hayo mawili nikayaacha, mengine yote nikaendelea nayo.

Mama Mapacha

Ahsante sana baba mabinti, umenigusa. Langu lilihusu meza ya kusomea, lakini naona ni ombi lile lile, kwamba mtoto anataka usogee.

Mapacha wangu wana miaka 13. Tangu wadogo nilikaa katikati yao kila jioni kwenye kazi za nyumbani. Mmoja hakuona shida. Mwingine alianza kunifunika daftari kwa mkono, kisha kufuta alichoandika kila nikiinama kutazama, hadi siku moja akafuta mpaka karatasi ikatoboka, na tukabaki sote watatu tunatazama lile tundu na vumbi la kifutio mezani. Nilimfokea. Naye akasema hesabu ni yangu, niifanye mwenyewe.

Mwalimu wao mmoja ndiye aliyenieleza kuhusu watafiti Nancy Hill na Diana Tyson, ambao mwaka 2009 walichapisha uchambuzi wa tafiti 50 kuhusu ushiriki wa wazazi katika madarasa ya kati. Waliona kwamba kilichoambatana zaidi na mafanikio ya mtoto ni mzazi kuzungumza naye kuhusu maana ya anachosoma, kumweleza anatarajia nini kwake na kupanga naye mambo ya mbele, na kwamba kumsaidia kazi za nyumbani hakukuonyesha faida ya namna hiyo. Nilibisha papo hapo. Nilimwambia mwalimu kwamba anayesaidiwa sana huenda ni yule ambaye tayari anazama, kwa hiyo msaada unabebeshwa lawama isiyo yake. Alikiri kwamba hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo nilijaribu kwa muhula mmoja.

Nilihamisha kiti changu hadi mlangoni mwa jikoni, mahali wanaponiona na mimi sioni daftari. Badala ya kuuliza “umemaliza?” nikawa nauliza “leo ni lipi lililokuchosha akili?” Wiki mbili za kwanza nilijibiwa “hakuna.” Wiki ya tatu yule mfuta karatasi alinijia na swali la sehemu, akaniwekea kalamu mkononi mwenyewe. Alama zake hazikupanda kwa miujiza, lakini tulirudi kuzungumza, na hilo ndilo nililokuwa nimelipoteza.

Babu mlezi

Wanangu, mimi nitasema tofauti. Mtoto hana mamlaka ya kumfukuza mkubwa shuleni. Mjukuu wangu aliponiambia nisije nilikwenda siku hiyo hiyo, na nilipomwona uwanjani nilimwita kwa jina lake la utani la nyumbani, kwa sauti ya kutosha. Nilidhani nampa somo.

Sasa niwe mkweli, kwa kuwa mada inataka ukweli. Jina lile lilimganda mpaka mwisho wa mwaka. Wenzake walilitumia, wakalifupisha, wakalitungia wimbo. Nilimwomba radhi, jambo ambalo watoto wangu mwenyewe hawakuwahi kulipata kwangu. Lakini msimamo wangu kuhusu kwenda haujabadilika. Kilichobadilika ni kwamba nafika, namsalimu mwalimu, naketi.

Dada anayemlea mdogo wake

Shikamoo babu. Nimecheka kisha nikasikitika. Mimi ni mlezi wa mdogo wangu mwenye miaka 14, na vikao vingi vinanikuta kazini. Nilichokosea ni kudhani ananichukia, kwa sababu kila asubuhi nilipomuuliza habari za shule alinijibu kwa mguno. Nesi wa shule ndiye aliyenieleza kwamba katika balehe saa ya mwili husogea mbele, usingizi huchelewa kuja usiku, ilhali kijana wa umri wake anahitaji kulala kwa muda wa saa 8 hadi 10 kila siku. Kwa hiyo ninayezungumza naye alfajiri ni mtu ambaye bado yuko nusu usingizini. Nimeyahamishia maswali jioni, tukiwa tunaosha vyombo, yeye anasuuza mimi nafuta. Hatutazamani usoni, na hapo ndipo anaposema.

Mama wa kijana mmoja

Naomba niingie kwa upande ambao hatujaugusa, yaani sisi wazazi kwa sisi. Mwanangu aliponikataza kuja shuleni, nilihamia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa, nikawa nafuatilia kila kitu kutoka huko, na kwa bidii niliyoiweka unge­dhani nalipwa.

Siku moja alirudi na begi lililochanika, akasema fulani amemvuta. Nilipiga picha begi, nikaituma kundini, na chini yake nikaandika jina la yule mtoto. Ndani ya saa moja wazazi waligawanyika pande mbili, watu ambao hawajawahi kuonana wakaitana majina, na mama wa mtoto huyo akajiondoa kundini bila kusema neno. Kesho yake mwalimu wa darasa aliniita. Ilibainika kwamba mwanangu na wenzake wawili walikuwa wamemficha yule mtoto vitu vyake kwa wiki kadhaa, na siku ile ya begi ndiyo siku alipochoka.

Mwalimu hakunikemea. Alinieleza jinsi Dan Olweus, aliyeongoza kazi ya kupambana na uonevu katika shule za Norwe kuanzia mwaka 1983, alivyoutenganisha uonevu na ugomvi wa kawaida: uonevu hurudiwarudiwa, hukusudiwa, na anayeonewa hana nguvu sawa na wanaomwonea. Nikahesabu kwa vidole. Vyote vitatu vilikuwa kwa mwanangu, na begi lilikuwa ugomvi wa siku moja. Niliomba namba ya yule mama, nikampigia. Alinyamaza muda mrefu sana upande wa pili, kisha akaniambia jambo moja tu: kwamba yeye alikuwa amelijua suala hilo tangu mwanzo na hakulitaja kundini kwa sababu hakutaka mwanangu aumbuke.

Tangu hapo tumekubaliana kwamba jina la mtoto halitajwi kundini, hata kwa sifa. Mwenye jambo humpigia mzazi mwenzake, na likiwa ni uonevu hupelekwa kwa mwalimu kwanza.

Mwalimu wa darasa

Nimesoma nikiwa upande wa pili wa korido, naomba niseme ninachokiona. Mtoto anapotoka madarasa ya chini huacha mwalimu mmoja aliyemjua kutwa nzima, akaingia kwa walimu saba au wanane, kila mmoja akimwona kipande tu. Mwalimu wa sayansi anajua kwamba amekuwa mkimya. Wa lugha anajua kwamba ameacha kuleta insha. Wa michezo anajua kwamba haombi tena kucheza. Tusipokaa pamoja hakuna mwenye picha nzima. Mzazi naye akijiondoa mwaka huo huo, mtoto hubaki akiwa peke yake ndiye anayezijua pande zote, na kubeba hayo ni kazi ya mtu mzima.

Shuleni kwetu tulibadilisha kikao. Badala ya mimi kumweleza mzazi habari za mtoto aliyeketi kando kama mshtakiwa, mtoto ndiye anayeongoza: anachagua kazi tatu, moja anayojivunia, moja iliyomshinda na moja anayotaka kuirudia, kisha anamweleza mzazi wake mwenyewe, mimi nikiwa msikilizaji. Mwaka wa kwanza ulinitoa jasho. Baba mmoja alipokea simu katikati ya maelezo ya binti yake, na binti akafunga faili lake taratibu akalikalia. Tangu siku hiyo simu zinabaki kwenye kikapu nje ya mlango, pamoja na yangu.

Nililolishuhudia ni hili: yule yule anayesema “usiniite kwenye korido” hutoka kumpokea mzazi wake langoni siku ya kikao hicho, kwa sababu siku hiyo yeye ndiye mwenyeji.

Mwanzisha mada

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Swali la baba mabinti nililitumia jana usiku, nikamuuliza mwanangu ni nini hasa hataki. Alifikiri kwa muda, akasema ni sauti. Kumbe nikimwita huwa narefusha jina lake mwishoni, na mimi sikuwa nikijua. Kisha akaniuliza kama igizo la mwaka huu nitalishonea mavazi, kwa maana amesikia mavazi ya mwaka jana yamepotea.

Mwalimu, nina swali. Kwetu hakuna kikao cha namna hiyo, na kamati ya wazazi inasema kitachukua muda mwingi. Mlianzaje?

Mwalimu wa darasa

Tulianza na darasa moja na walimu wawili waliokuwa radhi. Kila familia ilipewa dakika 15, tukawagawa kwa jioni tatu, na wiki mbili kabla watoto walifanya mazoezi ya kueleza kazi zao wakiwa wawili wawili. Wasiokuwa na mzazi wa kuja walichagua mtu mzima yeyote wa hapo shuleni. Mmoja alimchagua mlinzi wa lango, naye alikuja amevaa tai. Mpelekee mkuu wa shule ombi la darasa moja tu. Fomu tunayoitumia ina ukurasa mmoja, nitakutumia.