Mrejesho: Jibini sasa inayeyuka kabla mkate haujaungua
Niliuliza namna ya kukaanga sandwichi ya jibini, yaani vipande viwili vya mkate vyenye jibini katikati, bila mkate kuungua kabla jibini ya ndani haijayeyuka, na nawashukuru wote mlionijibu. Ushauri uliofaa zaidi ulikuwa kupunguza moto na kufunika kikaango mwanzoni, kwa kuwa joto linalobaki ndani huyeyusha jibini huku mkate ukikaangika taratibu. Nilichanganya jibini za aina mbili, cheddar, yenye ladha kali, na mozzarella inayovutika, nikazikwaruza mwenyewe, maana ile inayouzwa ikiwa imekwaruzwa aghalabu hupakwa wanga ili isigandamane, na wanga huo huizuia kuyeyuka vizuri. Mayonezi niliyopaka nje iliupa mkate rangi nzuri ya dhahabu, ingawa kwa ladha bado naipendelea siagi. Nyanya mbichi iliulowesha mkate, kwa hiyo nimeiacha.