Naomba ushauri: nataka makala zangu zieleweke na zivutie

Habari zenu wakuu. Naandika makala za afya kwa wasomaji wa kawaida, na natamani sana mtu akianza kusoma afike mwisho. Aya ya kwanza ndiyo inanisumbua. Nikianza na "Maji ni muhimu kwa binadamu", hakuna kinachomshika msomaji. Nikianza na swali, "Kwa nini mkojo unakolea rangi ukinywa maji kidogo?", inavutia, ila jibu linadai nitaje figo na homoni, na hapo sentensi zinarefuka. Kusoma kwa sauti kunanisaidia kupunguza "ambayo" zilizorundikana, hilo nalisifu kweli. Je, istilahi mnazifafanua palepale au mnaziacha kabisa? Na mnajuaje kwamba mfano mmoja umetosha? Wenye uzoefu naomba mnielekeze.