Mazabodi za milioni mbili na nusu: tusubiri zinazokuja, au tununue zilizopo?

Mhariri wa Sakina

Wakuu, za leo. Naomba mnisaidie kumaliza ugomvi kabla ya kikao cha Jumamosi.

Tuko watano, tunahariri video za kampuni za utalii hapa Arusha. Tumepata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwenye fungu la vijana la asilimia 4. Hauna riba, ila unarudishwa. Mashine kuu iliyokuwa inabeba kazi zote imekufa na tumekubaliana kuunda mpya. Ubishi uko kwenye mazabodi, ule ubao mkuu unaochomekwa vyote. Mwenzetu mmoja anataka tusubiri bodi za juu za kizazi kijacho, kwa kuwa Intel imeshasema prosesa zake mpya, Nova Lake, zinakuja mwishoni mwa 2026, na AMD nao wana za kwao, Zen 6, njiani. Anataka zile za juu kabisa, ambazo kwa kizazi hiki zimevuka dola 1,000 huko Marekani. Ukikadiria dola kwa shilingi 2,500 tu, hiyo ni milioni mbili na nusu kabla ya usafiri na VAT ya asilimia 18. Ubao mtupu! Hauna prosesa, hauna RAM.

Mimi nasema hela ya umma haiendi kwenye taa za rangi. Yeye anasema bodi ndiyo msingi wa nyumba. Nani kachemka?

Chalii wa Kijenge

Umechemka wewe, mkuu. Taa za rangi siku hizi hata bodi za bei ya chini zinazo. Unacholipia kwenye bodi ya juu ni vitu visivyong'aa kwenye picha. Bodi za juu za AMD, zile za X870E, zimefika fasi 24 za kulisha prosesa umeme, kila moja ya ampea 110. Una USB4, una mtandao wa gigabiti 10, nafasi za SSD za kumwaga. Halafu kuna kile kidirisha cha tarakimu mbili kinachokuambia mashine imekwama wapi ikigoma kuwaka. Kama umewahi kukesha unachomoa RAM moja moja na mteja anataka video asubuhi, huwezi kuniambia hicho kidirisha ni urembo.

Hizo zinazokuja nazisubiri kama Wachaga wanavyosubiri Desemba. Sitanunua, mshahara wangu naujua. Kutazama ni bure.

Injinia wa Soweto, Moshi

Chalii, tupige hesabu kwanza. Prosesa kubwa za AM5 (aina ya soketi ya AMD, yaani pale prosesa inapokaa) kama Ryzen 9 9950X zina kikomo cha wati 230 kwenye soketi. Tuseme zinapewa volti 1.2. Gawanya, unapata kama ampea 190. Fasi 24 za ampea 110 kwenye karatasi zinabeba ampea 2,640. Umekodi fuso kubebea debe la mahindi. Bodi ya kawaida yenye fasi 14 za ampea 80 inafika 1,120, na hapo kila fasi inabeba chini ya ampea 14. Joto lake halikaushi hata soksi, hasa Arusha ya mwezi wa saba.

Fasi zote hizo zina kazi kwa wale wanaomwagia prosesa nitrojeni kimiminika wakitafuta rekodi. Nyie mnatafuta hela ya pango.

Fundi wa Ngarenaro

Nimesoma nikacheka peke yangu kibandani. Bodi zinazoletwa mezani kwangu hazijafa kwa uchache wa fasi. Zimeuawa na umeme, na vumbi, na viumbe.

Mwezi uliopita waliniletea mashine vijana fulani wa video. Walishajipa jibu mlangoni: "Fundi, bodi ya bei chee hiyo, imetuangusha." Nikafungua ubavu. Vumbi limegandia mapanga ya feni kama ugoro uliolowa. Pale juu ya prosesa, kati ya kipoza joto cha VRM (hizo fasi mnazobishania) na kapasita, kalala mjusi. Kakauka kabisa, mkia umeingia kwenye plagi ya volti 12. Nikamtoa kwa koleo, nikamweka kwenye kifuniko cha soda, wateja wengine wakaja kumtazama. Ningeweza kuishia hapo nikamlaumu marehemu. Nikapima pawasaplai: waya wa volti 12 unasoma 13 na ushee, unarukaruka. Ilikuwa ile inayokuja bure ndani ya kasha. Wenyewe wakakiri kwamba siku hiyo umeme ulikatika mara tatu na uliporudi mara ya mwisho balbu ya chumbani ikapasuka.

Sasa bodi ya milioni mbili na nusu ingemfukuza mjusi?

Dada wa Mahesabu, Njiro

Mkopo hauna riba, lakini marejesho yana tarehe. Mkisubiri hadi mwisho wa 2026 mtakuwa mnarejesha hela ya mashine ambayo hamna, na msimu wa Julai hadi Oktoba utakuwa umewapita mkiwa mnatazama matangazo. Mimi nimemaliza.

Chalii wa Kijenge

Mjusi kanishinda, nakubali. Ila msituone sisi wapenzi wa bodi kama watoto wanaolilia pipi. Mei 2020 AMD walitangaza kwamba prosesa za Zen 3 hazitafanya kazi kwenye bodi za B450 na X470. Waliozinunua wakapiga kelele dunia nzima, na mwezi huo huo kampuni ikageuza msimamo. Baadaye, 2022, hata bodi za mfululizo wa 300 zikafunguliwa mlango. Ndiyo maana leo mtu ana bodi ya 2017 na ndani yake kuna Ryzen 7 5800X3D ya 2022, anacheza bila presha.

Linganisha na Intel. Mwaka 2017 walitoa kizazi cha 8 kwa jina lile lile la soketi, LGA 1151, na bado zikakataa bodi za watangulizi wake. Ikaja LGA 1200 mwaka 2020, 1700 mwaka 2021, 1851 mwaka 2024. Sasa kila mtu anategemea nyingine tena. Tusipopiga kelele sisi mapema, mnadhani nani atapiga? Wale wanaonunua bila kuuliza?

Injinia wa Soweto, Moshi

Umejifunga goli la kichwa, mdogo wangu. B450 ilikuwa bodi ya mwananchi. Kilichoipa maisha marefu ni soketi na BIOS (programu ya kuwashia iliyomo kwenye bodi), na bodi ya bei kubwa ya Intel ya mwaka huo huo haikupata maisha hayo. AM5 ilizaliwa Septemba 2022 na AMD wameahidi kuitumia hadi 2027 na kuendelea. Ukinunua bodi ya kati ya B850 leo, umenunua ahadi ile ile aliyonayo mwenye bodi ya milioni mbili na nusu.

Na bei haikingi kitu. Aprili 2023 prosesa za AMD, Ryzen 7000 zenye jina la X3D, zilianza kuungulia kwenye soketi kwa sababu bodi zilikuwa zinasukuma volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayoongea na RAM) kupita kiasi, zikiwemo bodi za gharama. AMD wakaweka kikomo cha volti 1.3 kupitia BIOS. Waliosubiri miezi michache walipona. Waliokimbilia siku ya kwanza ndio waliofanya majaribio kwa niaba yetu.

Kuhusu umeme, huku Kaskazini tuko mwisho wa njia. Bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, lakini liko Rufiji, na umeme unaosafiri mbali unapotea njiani. Ndiyo hoja aliyoitoa Rais Samia Machi 2025 alipokuwa Kilimanjaro, aliposema Kaskazini inunuliwe umeme kutoka Ethiopia. Watu walibishana kweli kweli kwenye daladala. Kwa mwenye kompyuta tafsiri yake ni fupi: hela ya kwanza iende kwenye stebilaiza na UPS.

Mwenzake

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye "mwenzetu mmoja". Mhariri kawasimulia nusu.

Asichosema ni kwamba watu watano tunavuta picha kutoka mashine moja kwa wakati mmoja. Dereva anarudi kutoka Serengeti na kadi nne za kamera, mgeni anaondoka KIA jioni, na kampuni inataka kipande cha dakika tatu mgeni akiwa bado hajapanda ndege. Kwenye mtandao wa gigabiti moja, GB 100 zinachukua kama dakika 14 mambo yakienda vizuri. Kwenye gigabiti 10 ni kama dakika moja na nusu, SSD zikiweza. Hiyo nayo ni taa ya rangi?

Halafu BIOS. Mwaka jana nilikuwa nasasisha bodi, umeme ukaondoka katikati. Ikawa tofali. Baadhi ya bodi za juu zina BIOS mbili, moja ikifa nyingine inashika. Mjerumani ananunua BIOS mbili za nini, na umeme wake haukatiki? Zilitengenezwa kwa ajili ya Arusha hizo, hawakujua tu.

Na ndiyo, mashine ya mjusi ni yetu.

Fundi wa Ngarenaro

Kumbe ni nyie! Mjusi wenu nilimtupa, msinidai.

Kijana, kwenye mtandao umesema kweli na sikubishii. Ila kadi ya gigabiti 10 inauzwa peke yake na inachomekwa kwenye nafasi ya PCIe (ile ya kuchomekea kadi) ya bodi yoyote ya maana. Hiyo ya tofali ungeniletea. Nina CH341A hapa, kile kifaa cha kuandikia chipu, na kibanio chake. Naishika chipu ya BIOS, naiandika upya, unaondoka kabla chai haijapoa. (Wanaojifunza wawe macho: kuna chipu za volti 1.8, ukizipa 3.3 bila adapta hapo ndipo umeua kweli.) Kitufe cha kuingiza BIOS kwa fleshi, hata prosesa ikiwa haipo, siku hizi kiko mpaka kwenye bodi za bei ya kati.

Kuhusu nafasi za SSD, msizihesabu kama vyumba vya gesti, kwamba vyote vinalala watu. Prosesa ya AM5 ina njia 28 za PCIe. Nne zinakwenda kwenye chipseti (chipu inayohudumia viunganishi vingine vya bodi), zinabaki 24. Kadi ya michoro inataka 16. Zinabaki nane, na USB4 kwenye X870E inakula nne kati ya hizo. Ndiyo maana kwenye baadhi ya bodi ukijaza nafasi ya pili ya SSD za kizazi cha 5, kadi ya michoro inashushwa kutoka njia 16 hadi nane. Hamtaona tofauti kubwa, sitawatisha. Ila mnunuzi wa milioni mbili na nusu akigundua jambo hilo baada ya kulipa, huwa analileta kwangu kana kwamba mimi ndiye niliyelichora. RAM hivyo hivyo: kwa Ryzen 9000, ukijaza nafasi zote nne za DDR5, kasi ambayo AMD wenyewe wanaiandika ni 3600 tu. Nunueni vipande viwili vikubwa.

Mangi wa Double Road, Moshi

Viwili vikubwa kwa hela ipi, fundi? RAM imepaa tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vinawahudumia kwanza wenye vituo vya akili mnemba. Mteja anakuja na bajeti ya kompyuta nzima, anaondoka na RAM na soda.

Bodi hizo za juu siweki dukani. Niliwahi kuagiza moja kwa oda ya mteja, ikapitia kwa ndugu yangu aliyeko Dubai. Tukafungua boksi mbele ya mteja, nikamulika soketi kwa tochi ya simu: pini tatu zimelala. Pini zenyewe ni nyembamba kuliko unywele wa mtoto. Muuzaji akasema dhamana haihusu pini zilizopinda. Mteja akasema yeye hajagusa, na ni kweli. Ndugu yangu akasema yeye alibeba tu. Mkitafuta hasara ilikolala, ipo stoo kwangu, juu ya rafu, na boksi lake zuri ajabu.

Mhariri wa Sakina

Asanteni. Kidogo nirudi nyuma: kwenye kadi ya mtandao mwenzangu ana haki, naandika iingie kwenye bajeti. Lakini kusubiri siungi mkono. Napendekeza B850, kadi ya gigabiti 10, RAM vipande viwili, na kinachobaki kiende kwenye umeme. Fundi, stebilaiza ya VA ngapi inatosha mashine moja na skrini mbili?

Fundi wa Ngarenaro

Usinunue chini ya VA 2,000. Nguvu iandikwayo kwenye boksi na inayotoka si kitu kimoja. Njoo nayo nipime kabla hujalipa yote. Na wekeni wavu kwenye matundu ya kasha.

Mwenzake

Nakubali B850, kwa masharti. Bodi iwe na kile kidirisha cha tarakimu au angalau zile taa nne za kuonyesha hitilafu. Na kabla ya yote kijulikane jambo moja: ile pawasaplai iliyotoa volti 13, nani alisema inatosha?

Mhariri wa Sakina

Ilikuja na kasha.

Mwenzake

Na kasha alichagua nani?

Mhariri wa Sakina

Jumamosi saa nne. Tutaongea.

Dada wa Mahesabu, Njiro

Njoo na risiti.